Bwawa Alilojengewa Mama

Holtershagen, 9 Aprili 1972

Dada yangu Irmtraud,

Tumetoka kwenye baridi salama. Theluji imebaki kidogo tu nyuma ya karakana, na wifi yako Roswitha ameanza kulalamika kwamba matope yanaingia sebuleni, kwa hiyo ujue hapa mambo ni ya kawaida. Kazi inakwenda. Bawaba zetu za milango sasa zinanunuliwa mpaka Uholanzi na nimelazimika kuongeza watu. Shemeji Graham hajambo? Bado anakaa juu ya barafu kuvua samaki kama mtu aliyerogwa?

Nikuambie kilichonikalisha mezani. Nyonga za Mama zimezidi kumtesa. Asubuhi hujishika kwenye meza ya cherehani, halafu kwenye mlango, halafu ukutani, na akifika jikoni anajifanya alikuwa akitembea tu. Daktari amesema dawa ni kitu kimoja: maji ya moto, kila siku, aelee na kuzungusha miguu. Mjini kuna bwawa, lakini wewe mwenyewe unamjua Mama. Hatakubali kuvua nguo mbele ya watu wa parokia.

Basi mimi na Roswitha tumewaza kujenga chumba cha bwawa hapa hapa nyumbani, kimeungana na nyumba, upande wa nyuma. Siku hizi si jambo la ajabu, daktari wa meno amejenga, na yule mwenye kiwanda cha taa amejenga. Itabidi vyumba viwili vya nyuma vibomolewe, cha Mama na kile chako cha zamani. Mama tutamjengea chumba kipya kando ya bwawa. Atafungua mlango, na maji hayo hapo.

Baba alituachia nyumba sote wawili, kwa hiyo bila ridhaa yako siwezi kugusa ukuta. Fikiria, dada. Ni kwa ajili yake.

Mama anataka kalamu, namwachia pembeni.

Ndugu yako akupendaye,
Eckhard

(Pembeni, kwa mkono wa Mama) Irmchen, vaa soksi nzito. Mimi sikuomba bwawa, lakini kama maji ni ya moto sitalinunia. Mdogo wako ana furaha kama alipopewa baiskeli. Mama.


Winnipeg, 2 Mei 1972

Eckhard mdogo wangu,

Barua yenu imenikuta nimetoka zamu, nikaisoma na koti mwilini. Huku mto ndio kwanza unapasuka barafu. Mimi ni mzima, kazi ni ile ile. Graham yuko kaskazini kikazi.

Nimeichukua barua yako siku kadhaa nikaenda nayo kazini na kurudi nayo. Kile chumba changu cha nyuma kilinifanya nisite. Usiniulize kwa nini, mtu hupenda tu kujua kwamba kitanda chake bado kipo mahali fulani. Lakini nimewaona wagonjwa wangu hapa. Kila siku namshusha mtu majini ambaye nchi kavu hawezi kuinua goti, na ndani ya maji anatembea na kunicheka. Mama akipata hivyo, chumba si kitu. Nimekwenda ubalozi mdogo kutia saini, karatasi zinakuja kwa bahasha nyingine.

Ila nisikilize vizuri, hii ndiyo kazi yangu. Ngazi za kuingilia majini ziwe pana na fupi, si ile ngazi ya chuma inayosimama wima. Reli ya kushikilia iwe pande zote mbili, ianzie mlangoni kwake. Vigae viwe vya kukwaruza, visiteleze. Maji yawe ya moto kuliko watu wazima wanavyopenda. Na muulize fundi atazuiaje mvuke usiingie nyumbani: dari na kuta zifungwe kwa nailoni nzito upande wa ndani, na kati ya bwawa na nyumba pawe na milango miwili. Mvuke wa maji ya moto ukipata tundu, unaozesha mbao za paa polepole na hamtajua mpaka siku ya kuanguka.

Mwambie Mama soksi ninazo.

Dada yako,
Irmtraud


Holtershagen, 16 Septemba 1972

Dada,

Nisamehe kwa ukimya. Kiangazi kizima nimekuwa mtu wa zege. Asante kwa karatasi, na Mungu akubariki. Bustani ya maboga nyuma halipo tena, kuna shimo ambalo ungeweza kuegesha lori. Mvua ya Julai ililijaza, Roswitha akasema basi bwawa limekwisha, tuache hapo. Tulicheka.

Mkandarasi ni mtu wa mjini anayejua kazi. Kuta zimesimama, na upande wa bonde wote utakuwa kioo, vioo viwili viwili. Ukisimama pale unaona mpaka mnara wa kanisa la Ennerath. Dari itakuwa ya mbao nyekundu kutoka nchi za joto. Nimemweleza habari ya mvuke, akasema, "Dada yako angekuwa mhandisi."

Vumbi ni jingi mno, kwa hiyo Mama tumemtafutia mahali pa kukaa pasipo na vumbi mpaka mambo yatulie. Anakula vizuri. Anakusalimu.

Hebu niambie, rangi gani ya vigae: kijani cha bahari au ile buluu ya hoteli?

Eckhard


Winnipeg, 8 Oktoba 1972

Mdogo wangu,

Kijani. Buluu inafanya ngozi ya wazee ionekane mgonjwa.

Nashukuru kwa habari. Huku majani yameanguka yote siku moja, kama mtu aliyevua nguo. Nimehamia nyumba ndogo karibu na hospitali, anwani iko nyuma ya bahasha. Ni rahisi zaidi kwangu.

Mama amehamia wapi ndani ya nyumba, chumba cha wageni juu? Atapandaje ngazi? Na mbona safari hii hakuandika pembeni? Hajawahi kuiacha barua yako iondoke hivi hivi, hata mwaka aliovunjika kidole.

Hukunijibu habari ya reli.

Irmtraud


Holtershagen, 20 Januari 1973

Dada mpendwa,

Heri ya mwaka mpya, japo nimechelewa. Noeli tulikula bata bukini kwa Roswitha, yaani kwa wazazi wake, maana jiko letu lilikuwa limejaa magunia ya gundi ya vigae. Umehama? Graham naye kakubali kuacha gati lake la mashua?

Paa limefungwa kabla ya theluji kubwa. Tumeweka mashine ya kukausha hewa, imenguruma wiki nzima kama ng'ombe, sasa imenyamaza. Vigae ni kijani kama ulivyosema, vinang'aa ajabu. Roswitha ameagiza mapazia ya upande wa bonde, halafu akayarudisha, halafu akayaagiza tena.

Mama vidole vimevimba kwa baridi, hawezi kushika kalamu. Ananiambia nikuambie usihangaike.

Eckhard


Winnipeg, 11 Machi 1973

Eckhard,

Natumai nyote mko salama. Mimi nina mafua tu.

Nilipiga simu siku ya kuzaliwa kwa Mama. Ilikuwa saa tisa alasiri kwenu. Roswitha akasema Mama amelala. Nikasema mwamshe, nimeweka nafasi ya laini tangu juzi. Akasema, "Wifi, daktari amesema asiamshwe," kisha akaniuliza hali ya hewa ya Kanada. Ninaijua sauti ya mtu anayesimama mlangoni ili usiingie. Hospitalini tunazisikia nyingi za namna hiyo.

Vigae vinang'aa, umeandika. Nilisema vikwaruze. Na reli?

Kama kuna ugonjwa mnanificha, mniambie. Mimi ni mtu mzima, nimefunga macho ya watu wengi. Nitaupokea.

Irmtraud


Holtershagen, 4 Juni 1973

Dada Irmtraud,

Hakuna ugonjwa wowote, ondoa hofu. Mama yuko imara kuliko sisi. Roswitha alikuwa na wageni siku ile, akachanganyikiwa.

Habari kubwa ni kwamba tumezindua. Jumamosi ya wiki iliyopita tuliwasha taa za chini ya maji, watu wakasimama kimya mlangoni kama kanisani. Padri alikuja kubariki, na daktari wa meno akaruka na tai yake shingoni, alipewa bia akapewa nyingine. Nimekuwekea picha moja ndani ya bahasha, ya rangi. Huyo mwenye kofia ya kuogea ya maua ni Roswitha.

Natamani Baba angeona. Maisha yake yote alioga kwenye karai.

Mama anafurahi sana na anakusalimu.

Eckhard


Winnipeg, 1 Julai 1973

Eckhard,

Nimeipata picha. Nimeiangalia kama ninavyoangalia picha za mifupa, kwenye mwanga wa dirisha.

Naona ngazi ya chuma, ile inayosimama wima, kwenye kina cha kuzamia. Naona vigae vinavyoakisi miguu ya watu. Naona ubao wa kurukia. Reli sioni. Mahali ulipoandika kwamba pangekuwa na mlango wa chumba cha Mama, naona kaunta, viti virefu vya baa, na mtu ameshika kikopo cha kutikisia vinywaji.

Watu zaidi ya kumi wamo kwenye picha na Mama hayumo.

Nakuuliza jambo moja na sitaki uniambie habari ya mapazia. Mama anaingiaje majini?

Irmtraud


Holtershagen, 9 Desemba 1973

Dada,

Najua nimechelewa. Usifikirie vibaya, mambo yamekuwa mengi. Mafuta yamepanda bei kwa uhaba, na Jumapili hakuna anayeruhusiwa kuendesha gari. Watu wanatembea katikati ya barabara kuu na mbwa wao, vijana wanapita na farasi. Kwa watoto ni sherehe, kwangu si sherehe. Uholanzi wamepunguza oda. Bwawa tumelizimia moto tangu Novemba, nikaamua kulifunika kwa turubai.

Juu ya kaunta kwenye kona imetokea alama ya unyevu, na dari imeanza kushuka kidogo. Mkandarasi anasema ni rangi tu. Wewe unaonaje?

Ile picha ilipigwa kwa pembe mbaya. Si kila kitu kinaonekana.

Mama hajambo. Salamu kwa Graham. Heri ya Noeli.

Eckhard


Ennerath, 19 Februari 1974

Eckhard,

Tazama juu ya barua hii nilipoandika mahali. Ukisimama kwenye kioo chako kikubwa utauona mnara wa kanisa, na nyumba ya wazee ni ile ya matofali nyuma yake. Niko kwenye kiti cha dirishani, chumba cha ghorofa ya chini, na Mama amelala. Safari hii amelala kweli.

Nilifika juzi. Nilishuka kwenye treni, theluji ikinyesha, nikachukua teksi mpaka nyumbani. Sikuwaandikia kwa sababu ningewaandikia mngejipanga. Wewe ulikuwa umekwenda Uholanzi kubembeleza wateja. Roswitha alifungua mlango na taulo kichwani, akaniangalia kama mtu anayehesabu vyombo vilivyovunjika.

Nikamwambia, "Nimekuja kumwona Mama."

Akasema, "Ingia kwanza, wifi, utapata baridi."

"Yuko wapi?"

"Nikupe kahawa."

Sikumpa koti langu. Nilipita sebule, nikapita ule mlango mmoja, ambao ungekuwa miwili, nikaingia kwenye bwawa lako. Ni zuri, Eckhard. Sitakudanganya. Hata kwenye giza lile la turubai, na baridi, na harufu ya mbao mbichi. Nikaenda kwenye kona ambapo Mama alikuwa analala, ambapo cherehani ilikuwa. Viti virefu vinne vimepangwa vizuri. Nimeketi kwenye kimoja, sijui kwa nini. Miguu yangu haikufika chini.

Roswitha alikuja akasimama kando ya maji. "Mama mkwe hayupo," akasema. "Yuko Ennerath tangu mwaka juzi, kabla ya kubomoa. Mimi nilidhani unajua, mpaka siku uliyopiga simu; nikababaika, na Eckhard akasema atakueleza mwenyewe."

"Ningejuaje?"

"Eckhard alisema ni wewe uliyeshauri. Kwamba wewe mtu wa hospitali umeandika wazee wa namna yake wakae na wauguzi, si kwenye nyumba zenye ngazi. Tena alisema kwa huzuni. Nikamwambia, basi dada yako anajua zaidi." Kisha akaketi kwenye kiti kile cha mapumziko, na taulo lake, akaanza kulia. Namwamini. Nilitaka kutomwamini nikashindwa.

Teksi ilikuwa bado inaningoja nje.

Sasa nikueleze habari ya Mama, maana nadhani wewe umeizoea na huioni tena. Niligonga, nikaingia. Alikuwa kwenye kiti, ameangalia ukuta. Mimi nikasema, "Mama."

Hakugeuka. "Umekuja kuangalia kama bado napumua?"

"Ni mimi, Irmtraud."

"Nakujua. Iliyokufa ni miguu, macho yapo."

Nilipiga magoti ili anione uso. Akaugeuza uso wake upande wa pili, taratibu, kama mtu anayefunga kitabu. Nimekwenda ng'ambo miaka kumi na sita, Mama hajawahi kunigeuzia uso. Nilimwuliza amekosewa nini. Akasema, "Ulitaka nikae hapa. Nimekaa. Unataka nini tena?"

"Nani alikwambia nimetaka?"

"Eckhard. Alisema Irmtraud ameagiza hivyo, na Irmtraud ndiye anayejua mambo ya nyonga. Nikasema basi. Nilikulea uwe na akili, ningebishana nawe vipi?"

Hivyo ndivyo vilivyokuwa vidole vilivyovimba, Eckhard. Vidole vyake ni vizima, anawafumia soksi wazee wa korido nzima. Hakuniandikia kwa sababu alidhani nimemtupa.

Ilinichukua alasiri yote. Nilimsomea kwa kichwa kila nilichokuandikia, reli, ngazi, vigae, maji ya moto. Kila nilipofika mwisho alisema, "Rudia." Mara ya tatu aliuliza, "Ulisema ianzie mlangoni kwangu?" Nikasema ndiyo. Akachukua mkono wangu akauweka kwenye paja lake, akaushika mpaka wakaleta chakula.

Muuguzi ameniambia kwamba miezi ya mwanzo Mama alikuwa akivaa koti kila Jumapili kabla hujafika. Ulimwambia ni mpaka vumbi litulie. Ukaja ukamwambia gundi haijashika, ukaja ukamwambia rangi inanuka. Mwezi wa sita jirani mmoja alimtembelea akamsimulia sherehe, jinsi daktari wa meno alivyoruka na tai. Siku hiyo Mama alimwomba muuguzi amtundikie koti kabatini. Hakukuambia kwamba anajua. Aliendelea kukupa keki kila ulipokuja.

Ulikuwa ukinitumia salamu zake kila barua. Ulizitoa wapi?

Najua utakuja ukipata barua hii. Usije. Niandikie. Wewe huandika vizuri zaidi ya unavyosema, na mimi nataka safari hii maneno yabaki mahali nitakapoyaona.

Irmtraud


Holtershagen, 3 Machi 1974

Irmtraud,

Nimeandika barua hii mara nyingi, nikachana.

Sitasema sikudanganya. Lakini usifikiri nilikaa mezani nikapanga. Nilipokuandikia barua ya kwanza nilikuwa nalitaka bwawa kwa ajili ya Mama, nakuapia kwa kaburi la Baba. Na kwa ajili yangu pia, kwa nini nisiseme. Kisha mkandarasi akasema ngazi pana zinakula theluthi ya bwawa. Roswitha akasema chumba cha kulala kando ya maji kitakuwa na harufu ya dawa. Kila wiki kilibadilika kitu kimoja kidogo, na kila kitu kilikuwa na sababu. Siku moja nikaangalia ramani, chumba cha Mama hakipo, na sikumbuki ni siku gani nilikifuta.

Wewe uliondoka mwaka hamsini na nane. Hukumwinua usiku alipoanguka chooni. Hukumsikia akimwita Baba. Roswitha mgongo wake uliumia, hilo hajakuambia. Nilikuwa nachoka, Irmtraud. Kila mtu ananiona mwenye karakana, mwenye gari, lakini nilikuwa nikirudi nyumbani naketi kwenye gari mbele ya mlango nashindwa kushuka.

Nilitumia jina lako kwa sababu Mama hubishana nami. Nawe habishani. Ningemwambia ni mimi ninayempeleka, angenishinda kwa sentensi moja. Sikujua kama atakukasirikia. Nilidhani atakubali tu, kama anavyokubali kila kitu chako.

Nimeagiza mafuta. Nitawasha bwawa. Fundi ataweka reli wiki hii, nimeshampa vipimo ulivyoandika. Marufuku ya magari imekwisha; Jumapili ya tarehe 17 nitakuja kumchukua Mama kwa chakula cha mchana, na akipenda aingie majini. Njoo naye. Roswitha atapika nyama ya kulowekwa kwenye siki, kama ya Bibi.

Nahitaji kumwona bila wewe kusimama katikati, au na wewe katikati, vyovyote unavyotaka. Lakini nimwone.

Eckhard


Ennerath, 12 Machi 1974

Eckhard,

Barua yako nilimsomea Mama yote, hata pale unaponilaumu. Pale penye Baba aliniomba nisimame kidogo.

Kuna mambo yanayokuhusu kama ndugu mwenye nyumba, niyaseme kwanza. Mama ametoka nyumba ya wazee. Nimepanga vyumba viwili vya chini kwa mjane mmoja, mtaa wa stesheni, hakuna ngazi hata moja. Nimepata kazi hospitali ya wilaya, upande wa mazoezi ya viungo. Winnipeg sirudi. Graham ameondoka tangu masika ya mwaka sabini na mbili, ana mtu mwingine na mtoto. Ulipokuwa ukiniuliza kama bado anavua samaki, nilikuwa peke yangu. Nilikuwa nimeshaanza kufunga masanduku nije nyumbani, kwenye kile chumba cha nyuma, ndipo barua yako ya bwawa ikafika. Sikukuambia kwa sababu ungeona aibu kukibomoa, na mimi nilitaka Mama apate maji. Sikuambii sasa ili uone aibu. Nakuambia kwa sababu ukiuliza tena salamu za Graham nitashindwa kujizuia.

Jumatano nilimpeleka Mama kwenye bwawa la mjini, saa ya wagonjwa. Watu wa parokia walikuwepo, wawili, miguu wazi kama sisi. Alivua nguo bila kunung'unika. Nilimshusha, akashika mabega yangu, nikahisi uzito wake unaondoka mkononi. Akasema, "Kumbe ni hivi tu." Alielea akiangalia dari muda mrefu. Nilipomuuliza anawaza nini, akasema, "Eckhard angependa kuona."

Nilimwambia, "Mama, baada ya yote haya?"

"Baada ya yapi?"

"Unayajua."

Akasema, "Nikimkasirikia huyo, Jumapili nitamngoja nani? Wewe umerudi, Irmchen. Wewe uko ndani ya nyumba, sina haja ya kukungoja." Na akapiga maji kwa miguu, hodari, kama msichana.

Nilidhani nikifika na kusema ukweli, Mama atakuwa upande wangu, na sasa nakiri kwamba hilo ndilo nililolitaka zaidi ya kitu chochote. Amenisikiliza, ameniamini, halafu jana ametengeneza nywele kwa ajili yako.

Basi mje kumchukua. Atakuwa tayari Jumapili saa tano, mlangoni, na shanga za Bibi shingoni. Mkono wa kushoto ndio wa kumshika. Kiti cha gari kisukumwe nyuma kabisa, na mto uwe chini ya goti, si chini ya paja. Ndani ya maji usimwachie hata akikuambia umwachie. Dari ile iangaliwe na mtu mwingine kabla hamjamweka chini yake, si mkandarasi wako. Hiyo ni mbao inayooza, siyo rangi.

Nyama ya Roswitha sitaila. Kwako sitakuja, wala wewe huku usinibishie hodi. Labda mwakani, labda siku nyingine, sijui, na usiniulize kwa kupitia Mama.

Akichoka, mrudishe mapema. Mwingize mpaka ndani, umketishe kwenye kiti cha dirishani, umvue viatu, umwekee blanketi. Mimi nitakuwa nimetoka kutembea kando ya reli ya treni. Nikiona gari lako bado liko mlangoni, nitazunguka tena.

Irmtraud